Karakana Iliyonyamaza

Segou, 12 Oktoba 1997

Shangazi yangu Sitan,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na naomba barua hii ikukute wewe na mumeo mkiwa wazima, na lile goti likiwa limepunguza kukutesa. Huku mvua zimekwisha na mto umejaa pomoni. Mama anakusalimu, anasema yale mafuta ya karite uliyomletea yameisha na anajua umesikia. Mdogo wangu Tenin amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina la Baba. Analia kama Baba alivyokuwa akiita watu, kwa amri.

Mwaka umetimia tangu tumzike Baba nami, mtoto wa kike, nikaacha kazi ya ofisini Dakar kuja kushika karakana yake, ile mliyoianza naye kabla hujaolewa huko Bobo. Nataka nikueleze nilichofanya, maana naona nimefanya vizuri na sina wa kumwambia.

Unakumbuka kelele za pale. Magogo matatu, wanaume sita, wawili wawili ana kwa ana, nyundo za mti zinapiga vitambaa asubuhi hadi jioni mpaka ving'ae. Kelele za nyundo sina neno nazo, ndiyo kazi yenyewe. Ni midomo. Ngolo Diarra na Kariba Traore wamekaa gogo moja miaka ishirini na miwili, na kila siku ya Mungu ni hivi:

"We Traore, leo umekula kunde ngapi? Gogo linanuka!"

"Nyamaza, mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua babu yako kwa kipande cha chumvi, akadai chenji."

"Chenji gani? Babu yako alikuwa hajui kuhesabu, alikuwa anahesabu kunde!"

Hapo magogo yote matatu yanasimama, watu wanajishika mbavu. Asubuhi moja nilikaa na kalamu nikahesabu: kazi ilisimama mara thelathini na moja. Halafu mwezi wa nane akaja mama mmoja mfanyabiashara kutoka Libreville. Kwao hawana utani huu wa koo na koo. Akasikia mtu anaitwa mtumwa, akaona nyundo juu, akakimbilia kwenye gari. Oda ikaondoka naye.

Basi nimebandika karatasi ukutani. Kazi ifanywe kwa utulivu. Utani, matusi na habari za nje ziachwe langoni. Nimeweka saa, nimeinua paa hewa ipite, nimewapa mapumziko mawili ya chai. Nilipowasomea, Ngolo alicheka mpaka akashika gogo. "Mtumwa wangu amejifunza kuandika!" alisema, maana na mimi ni Traore, simponyoki. Kisha akaona sicheki. Akauliza, "Kweli?" Nikamwambia kweli. Akasema, "Haya, bosi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita bosi, na sikufichi, nilifurahi. Tulikuwa tunatoa vitambaa kumi na vinne kwa siku. Sasa tunatoa kumi na tisa. Nipe baraka zako.

Mwanao,
Nyele


Bobo-Dioulasso, 9 Novemba 1997

Nyele, mwanangu,

Marahaba. Goti halijapona, ila tumezoeana, kila mmoja anamnunia mwenzake. Mume wangu amenunua redio mpya, sasa kabla hata ya uji tumeshasikia vita vya dunia nzima. Mwambie Mama yako nimesikia habari za karite na nimejifanya sikusikia. Mbusu huyo mtoto mwenye sauti ya kaka yangu, umwambie shangazi wa mama yake alikuwa akimjibu vilevile kwa sauti.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Paa, sawa. Saa, sawa. Chai, umefanya la maana, Baba yako angewapa moja na kuwaambia ni tatu. Ila hilo la utani sijui nilisemeje usije ukanuna.

Nikupe kisa kimoja. Mwaka ule Ngolo alipogombana na mke wake wa kwanza akamrudisha kwao, alikuwa haongei na mtu, nyundo inakwenda hovyo. Baba yako hakumwita kumsema. Alimwambia Kariba tu, "Mtani wako anaharibikiwa." Kariba akaenda akaketi mlangoni kwa Ngolo, akatangaza mtaa mzima kuwa yeye ndiye mwenye nyumba, mtumwa wake amemfukuzia mpishi, na habanduki hapo mpaka apikiwe. Ngolo akamtukana weee, akachoka. Utamfukuza vipi mtani? Ilipofika alasiri walikuwa wote wawili njiani kwenda kumwomba radhi mwanamke. Baba yako mwenyewe asingeyaweza hayo. Ngolo angemsikiliza, angesema ndiyo, na asingefanya lolote.

Na kingine. Baba yako alipoanza kuwachelewesha watu jioni, nani alimwambia? Ngolo. "We Traore mla kunde, umeanza kula na saa za watu?" Wote wakacheka, Baba yako naye akacheka, na kesho yake watu wakatoka mapema. Sasa nikuulize wewe uliyekaa ofisini. Ngolo akiona umekosea, atakuambia kwa njia ipi?

Sikuamrishi. Karakana ni yako. Nakumbusha tu kwamba ile kelele uliyoihesabu ilikuwa na kazi yake. Kariba hajambo? Yule hajui kunyamaza, tangu ujana ni hivyo.

Shangazi yako,
Sitan


Segou, 4 Januari 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Nisamehe kwa kuchelewa, miezi miwili imekatika sijui ilivyokatika. Mtoto wa Tenin ameota jino. Mama amefunga ingawa daktari alimkataza, ukimwambia anasema daktari si imamu.

Kuhusu yale uliyoniandikia, nimeyaheshimu, lakini zamani ni zamani. Wateja wanakuja, wanakaa kwenye benchi, wanasema, "Hapa pametulia." Yule mama wa Libreville amerudi! Amesikia habari zetu, ameweka oda ya vitambaa mia mbili vya Tabaski, Idi ya kuchinja. Mia mbili, Shangazi. Baba hakuwahi kupata oda kama hiyo.

Kuna jambo dogo. Kariba ameacha kazi. Aliondoka mwenyewe mwanzoni mwa Desemba. Ilikuwa hivi: ukingo wa nyundo yake ulitoboa kitambaa cha bibi harusi, buluu iliyokolea, cha watu wakubwa. Najua utasema, zamani Ngolo angemrukia, "Macho yako yameota kunde!" na Kariba angemjibu kuwa kitambaa kilikuwa kimeoza kama meno ya kina Diarra, wakacheka, wakanunua kingine nusu kwa nusu. Safari hii Ngolo aliweka nyundo chini, akainuka, akaja mpaka mezani kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, kitambaa kimetoboka upande wa Kariba." Kwa adabu kabisa. Nikawaza, sasa tumefika. Kariba alisikia. Alimwangalia Ngolo kama mtu aliyeona mgeni ameketi mahali pa ndugu yake.

Baadaye mambo yalifuata utaratibu wa kawaida, na kesho yake hakuja. Wengine wanasema yuko Sikasso, wengine kijijini kwao. Nimemweka Dembele mahali pake, kijana wa watu, ana nguvu na hana maneno. Ngolo anafanya kazi vizuri kuliko mtu yeyote. Jioni wenzake wakifuturu pamoja hapa uani, yeye anachukua bakuli lake la uji anakwenda kukaa kwenye gogo. Nadhani ni uchovu wa mfungo.

Tuombeane,
Nyele


Bobo-Dioulasso, 2 Februari 1998

Nyele,

Idi imepita salama, tumekula, tumeshiba. Goti vilevile. Nina swali moja nalo naliuliza mara moja tu.

Huo utaratibu wa kawaida ni upi? Ulimsomea nini Kariba kwenye karatasi mbele ya watu?

Usiniulize nimejuaje. Nijibu.

Sitan


Segou, 22 Februari 1998

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo.

Ilikuwa barua ya onyo. Mistari minne. Ofisini Dakar kila mtu alipewa yake akikosea, anaiweka kwenye mkoba, maisha yanaendelea. Nilimsomea kwa sauti kwa sababu hajui kusoma, na mbele ya wote kwa sababu kosa lilitokea mbele ya wote. Niliona ndiyo haki. Nilianza kwa kusema "Bwana Kariba Traore."

Akaniambia, "Nyele, mimi nilikubeba mgongoni ukanikojolea shati la Idi. Leo mimi ni Bwana?"

Maneno hayo yangetosha kumchekesha maiti. Hakuna aliyecheka, maana nilikuwa nimewakataza. Ngolo alikuwa anaangalia gogo. Kariba akamsubiri. Shangazi, sasa ndiyo naelewa kuwa alikuwa anamsubiri aseme kitu, tusi lolote lile, amwokoe. Ngolo akanyamaza. Kariba akafuta nyundo yake kwa shati, akaiweka, akatoka.

Yuko kwako, sivyo? Kama yuko mwambie arudi. Ila arudi baada ya Tabaski, sasa hivi oda imenishika koo na sitaki karakana itikisike.

Nyele


Bobo-Dioulasso, 13 Machi 1998

Mwanangu,

Barua hii nimempa Yakuba, dereva wa basi, akuletee mkononi, posta inalala sana.

Ndiyo, Kariba yuko kwangu. Yupo tangu tarehe kumi Desemba. Alinikataza kukuambia, nami sikuvunja. Alikuja na shuka moja na kifua kibovu. Kifua hicho alikuwa nacho zamani, alikuficha wewe na akamficha Baba yako, aliyejua ni Ngolo peke yake, ndiyo maana Ngolo alikuwa akimtania kuwa anakohoa kama punda ili apate kupumzisha mkono bila aibu. Alitafuta kazi ya nyundo hapa, akaifanya wiki mbili, akaanguka. Hospitali wamemtunza, kisha wamemrudisha nyumbani wakasema tumpe anachokipenda. Unaelewa maana yake.

Anachokipenda ni kumwona Ngolo. Kusema "njoo" hawezi, hawajawahi kuambiana neno kama hilo tangu wajuane. Ametuma hivi: "Mwambieni mtumwa wangu Diarra aje anichotee maji ya kuoga. Na aje na kunde zake mwenyewe, hapa Bobo ni ghali, siwezi kulisha watumwa."

Mfikishie Ngolo neno kwa neno. Usilipige pasi. Ukilitia adabu hatajua kuwa limetoka kwake. Basi ni siku moja tu, na nauli yake nimeshampa Yakuba.

Fanya upesi, Nyele.

Shangazi yako


Segou, 20 Aprili 1998

Shangazi,

Sijui hata nianze na salamu gani. Mama hajambo. Tenin na mtoto hawajambo.

Barua yako niliipata tarehe kumi na saba Machi, saa nne asubuhi, kutoka mkononi mwa Yakuba. Nilisimama langoni nikaisoma mpaka mwisho. Vilikuwa vimebaki vitambaa tisini na vinne vya Libreville. Nikamwangalia Ngolo, nyundo yake inapanda na kushuka, karakana yote imetulia, kila mtu yuko mahali pake. Nikaikunja barua nikaitia kwenye droo.

Sikusema kuwa sitamwambia. Nilisema nitamwambia saa ya chai. Ilipofika saa ya chai nikasema jioni. Jioni nikasema Ijumaa, atapata na siku ya kupumzika. Niliogopa kwamba akiondoka yeye, Dembele hatakuwa na mwenzake, wengine nao watataka kwenda kumwona Kariba, na kila nilichokijenga kitaanguka. Na nikuambie lililo baya zaidi. Nilikuwa naona haya. Maneno yenyewe nilikuwa nimeyapiga marufuku. Ningesimamaje chini ya karatasi yangu, nimwambie Ngolo "mtumwa wangu Diarra, njoo na kunde"? Nilijaribu kuyaandika upya kwa lugha nzuri. Bwana Kariba anaomba umtembelee. Hayakuwa yake. Nikayachana.

Zikapita siku kumi na tano. Tarehe mosi Aprili Yakuba alipita langoni akamwona Ngolo, akapiga kelele kutoka barabarani, "We Ngolo, bado uko hapa? Mtani wako si walimzika jana!"

Ngolo aliipiga nyundo ya mwisho. Akakikunja kile kitambaa, pembe kwa pembe, vizuri kabisa. Akaja mezani. "Bosi, naomba ruhusa ya siku nne." Nikampa. Shangazi, nilimpa ruhusa, kana kwamba ilikuwa yangu kutoa. Kisha nikafungua droo nikamwambia yote, nikamsomea barua yako. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige. Aliniomba nirudie kusoma pale penye kunde. Nikarudia. Akasema, "Ahsante," akatoka.

Nilimfuata kwa mbali. Kabla ya kupanda basi alipita sokoni akanunua kunde, mfuko mzima.

Oda ilikwisha kwa wakati. Mama wa Libreville amefurahi sana. Ngolo alirudi siku ya nne akakaa kwenye gogo lake. Hajasema chochote kuhusu huko, nami sina uso wa kumuuliza. Niambie wewe. Kisha, ukitaka, usiniandikie tena.

Nyele


Bobo-Dioulasso, 24 Mei 1998

Nyele,

Barua yako ilikaa mezani wiki tatu. Kila nikishika kalamu mkono ulikataa.

Nitakuambia, maana umeuliza. Kariba alikufa Jumanne kabla ya adhuhuri. Mabasi ya kutoka kwenu yanapita nyuma ya nyumba yetu, na kwa wiki mbili kila honi iliyolia alisema, "Huyo mtumwa, atakuwa ameshuka kituo cha pili, hajui njia." Siku mbili za mwisho hakusema tena. Akawa anasikiliza tu.

Ngolo alifika Alhamisi asubuhi. Matanga yalikuwa yamejaa watu. Unajua mtani anavyoingia msibani: anagaragara, analia kilio cha uongo, anadai marehemu ameondoka na viatu vyake, anaziba mlango mpaka apewe kitu. Tulipomwona langoni, wanawake walimpisha. Wazee wa ki-Traore wakaanza kabisa kutabasamu, wamechoka kulia, wanamsubiri awape nafasi ya kupumua. Mmoja akamchokoza, "We mtumwa, bwana wako ameshaondoka, sasa umekuja kumfulia nani?"

Ngolo akavua viatu. Akamsalimu kila mtu kwa jina, kwa mikono miwili. Akaweka ule mfuko wa kunde kando ya mkeka. Akasema, "Ni kweli nimechelewa. Nisameheni. Mungu amrehemu." Akakaa pembeni kama mgeni aliyepotea njia.

Hapo ndipo wanawake walipolia kilio cha kweli. Mimi mwenyewe nililia hivyo kaka yangu alipokufa, na sikutarajia kulia hivyo tena. Zile kunde tulizipika siku ya saba. Kila mtu alikula kidogo, hakuna aliyetania.

Sasa nisikilize, kwa sababu najua unajilaumu peke yako. Yakuba alikuwa na masikio na mdomo. Ningeweza kumwambia yeye ampelekee Ngolo maneno yale moja kwa moja, na Ngolo angekuwa hapa tarehe kumi na nane. Nililiwaza hilo. Nikayapitisha kwako kwa makusudi. Nilitaka wewe, Nyele, ufungue kinywa chako uyatamke mbele ya watu, uone ladha yake. Nilitaka kukufunza adabu, na nilimtumia mgonjwa wa watu kama fimbo. Nawe ukaweka barua kwenye droo. Tumemnyima sisi wawili.

Sijakukasirikia. Nimechoka tu. Iondoe hiyo karatasi.

Shangazi yako,
Sitan


Segou, 5 Julai 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mvua imeanza, na lile paa nililoliinua linavuja pande mbili. Mama anauliza goti. Mtoto anasimama kwa kushika ukuta.

Karatasi niliiondoa siku ileile barua yako ilipofika. Niliibandua mbele yao wote, nikaichana, nikawaambia nilikosea, utani urudi, habari za nje zirudi, wacheke kazi isimame mara mia kama watataka. Waliitikia, "Haya, bosi, tumekusikia." Wakaendelea kupiga. Siku ya kwanza nilidhani wanaona haya. Sasa mwezi umekwisha. Nimemleta kijana mwingine wa ki-Traore, mcheshi sana, nikamweka karibu na Ngolo kwa makusudi. Alijaribu siku mbili. "Diarra, nani amekufungua kamba?" Ngolo anamjibu, "Hujambo, kijana." Siku ya tatu yule kijana naye akaacha.

Hatukosi kazi. Wateja wanatoka Bamako, wanatoka Mopti. Juzi mmoja alikaa kwenye benchi akafumba macho, akasema hajawahi kuona karakana yenye amani kama hii, akaniomba nimweleze nimefanyaje. Niliingia ndani nikajifungia.

Jumatatu Dembele hakuja, alikuwa na homa. Nikaichukua nyundo ya Kariba, ile aliyoifuta kwa shati, nikaenda nikakaa mimi kwenye gogo, mkabala wa Ngolo. Hujawahi kuona mwanamke amekaa pale, wala mimi sijawahi. Wenzake walisimamisha nyundo. Nilijua ninavyochekesha: nguo nzuri, miguu huku na huku, nyundo nimeishika kama kijiko. Zamani Ngolo angepita mtaa mzima akitangaza.

Nikamwambia, "We Diarra, mtumwa wangu, mla kunde usiye na haya. Nimekuja kukufundisha kazi. Fungua mdomo huo unijibu."

Aliniangalia, si kwa hasira. Ningeiweza hasira. Kisha akainuka, akakunja shuka lake mara mbili, akaniwekea chini nikalie, maana gogo ni gumu kwa asiyelizoea. Akaniuliza kama nimekaa vizuri. Nikasema ndiyo. Akaniambia nisiinue nyundo juu sana, nitaumia bega, na nikichoka nimwambie.

Tukapiga mpaka saa ya chai.

Mwanao,
Nyele